Mshamu Hajauona Mlango

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kumjibu babu swali lake kikamilifu. Hata leo, harufu ya chipsi za jioni ikinifikia Kariakoo, namwona amesimama dirishani kwetu Mchafukoge, kiganja kimefunika jicho bovu.

Babu, baba yake mama, alitoka Lindi kuja kupasuliwa jicho. Akisubiri zamu yake hospitali, alilala kwenye godoro sebuleni. Aliitwa Mshamu, kama wanaume wengi wa kwao.

Mwaka ule runinga ilikuwa na mchezo wa kuchekesha, na ndani yake bwana mmoja aitwaye Mshamu aliyekuja kwa ndugu zake kwa siku mbili, akakaa, akala, akanenepa. Mji mzima ulilidaka jina lake. Ukidokoa chipsi za mwenzako unaambiwa, "We Mshamu, nunua zako!" Mgeni akichelewa kuaga, watu wananong'ona kwamba Mshamu hajauona mlango. Kwetu mchezo ukianza tu, mama alizima runinga. Alisema inakula umeme, nami nilimwamini.

Jioni moja vijana chini ya dirisha letu walikuwa wakirushiana jina hilo. Babu akaniita.

"Mume mwenzangu, hawa wananijua?"

"Si wewe, babu. Ni wa kwenye runinga."

Nilikuwa mtoto nisiyevumilia jibu nusu. Nikaeleza yote, nikaigiza hadi anavyolamba sahani. Babu alicheka mpaka akakohoa.

"Na huyo Mshamu, hawamfukuzi?"

"Hawawezi. Wanaona haya kumwambia."

Chakula kilipoletwa, alisema ameshiba. Asubuhi alikuwa ameshakunja godoro.

"Shamba linanisubiri," alimwambia mama.

"Baba, na jicho? Si wiki ijayo tu?"

"Jicho lina mwenzake."

Mama alilia, akamshika kanzu. Hakukaa. Yale mengine tuliyapata kwa simu kutoka Lindi: la kwanza limeziba kabisa, kisha na la pili. Miaka yake ya mwisho alishikwa mkono kwenda msikitini.

Nilikuwa mkubwa nilipoelewa kuwa mama hakuwa akiubania umeme. Hakuwahi kuniuliza nilimwambia nini babu, na mimi sijamwambia.

Mchezo ule uliisha zamani. Vijana wa Kariakoo wana maneno mengine sasa, na Mshamu ni jina tu.