Nilivyompunguzia mkwe wangu mapigo ya gofu kwa heshima, akakosa kombe

Wakuu, assalamu alaikum.

Nimesoma uzi wenu wa juzi, vijana mnabishana juu ya handicap ya gofu, mmoja anasema shimo baya halina haja ya kurekebishwa. Nikaona nitoe siri niliyokaa nayo zaidi ya miaka sitini. Haya yalinikuta mwenyewe na sitaongeza chumvi.

Mimi ni Mpemba. Mwishoni mwa miaka ya hamsini nilikuwa kijana karani wa serikali Chake Chake, nimetoka sekondari, najiona najua kila kitu.

Ndiyo, Pemba tulikuwa na gofu, msicheke. Mashimo tisa tu. Pale penye shimo hapakuwa na majani, palimwagwa mchanga uliochanganywa na mafuta. Wachezaji walikuwa maofisa wa Kizungu, baadaye wakaruhusiwa pia makarani wachache.

Mimi sikucheza. Kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa mzuri, nilipewa daftari la handicap.

Kwa wasiojua: kwenye gofu anayepiga mara chache ndiye mshindi, na handicap ni mapigo unayosamehewa. Ukiwa nayo kumi na nne, siku ya mashindano unapunguziwa kumi na nne. Kwa hiyo mchezaji dhaifu hupewa nyingi, hodari hupewa chache.

Handicap hupigiwa hesabu kutokana na kadi za mapigo ya michezo iliyopita, na shida ni shimo moja baya. Mtu anacheza vizuri, halafu mpira unaingia kwenye bonde la mpunga, anapiga mara kumi na moja shimo la kupiga nne. Ukiiandika yote, handicap yake inavimba bure. Basi sheria yetu ilisema: kwenye daftari, shimo baya liandikwe mapigo mawili juu ya kipimo chake, lisizidi. Kumi na moja inakuwa sita. Basi.

Sasa aingie Mzee Hamadi.

Alikuwa karani mkubwa, mkaazi wa Madungu, mtu wa heshima zake. Akicheza, kanzu anaikunja na kuifunga kiunoni, kofia haitoki kichwani. Alilipenda kombe la mwaka kuliko wali.

Pia alikuwa na binti, Raya. Nilikuwa najiandaa kupeleka posa.

Mnaona ninakoelekea.

Kila kadi ya Mzee Hamadi ilikuwa na mashimo mabaya matatu. Nikiishika kalamu niandike sita, mkono unakataa. Nilikulia mahali ambapo mtu mzima akijikwaa mbele yako, unatazama pembeni. Nitaandikaje aibu ya mzee wangu, na daftari linasomwa na Wazungu?

Nikaandika nne. Kila shimo baya, kila kadi, kana kwamba amepiga sawasawa na kipimo.

Mapigo mawili kwa mashimo matatu ni sita. Handicap yake ya haki ilikuwa kumi na nne. Mimi nikaishusha hadi nane.

Nilipompa kadi yake mpya ya handicap aliisoma mara mbili.

"Nane, mwanangu?"

"Nane, mzee."

"Basi nimekua," akasema, na siku ile akapita barazani kwa kila mtu kuionesha.

Bado sikujua nimefanya nini. Nilijua hesabu, sikujua mchezo.

Siku ya kombe alicheza vizuri kuliko siku zote, mapigo hamsini na moja. Mpinzani wake, Bwana Omari wa hospitali, alipiga hamsini na mbili. Omari akapunguziwa kumi na mbili, ikabaki arobaini. Mzee Hamadi akapunguziwa nane, ikabaki arobaini na tatu.

Kwa kumi na nne yake ya haki ingebaki thelathini na saba. Kombe lake.

"Mzee Hamadi," Omari akamtania, "hiyo nane yako uliiota?"

"Niliiota, yakhe," mzee akajibu. "Nawe ndiye uliyeniamsha."

Watu wakacheka. Mimi daftari liko kwapani, ndipo nikaelewa nilichofanya.

Tukarudi pamoja kwa miguu. Akaniambia taratibu, "Macho yangu yamechoka, mwanangu. Gofu si yangu tena."

Sentensi moja ingetosha. Lakini wiki ile posa yangu ilikuwa imeshafika kwake. Nikamwambia, "Ni upepo tu, mzee."

Hakucheza tena. Raya nilimuoa. Fimbo moja ya gofu mzee aliibakisha nyuma ya mlango wake, akawa anaangushia mashelisheli, na kila akiinyanyua mimi nilitafuta shughuli ya kutoka nje. Alifariki akiamini alizeeka ghafla siku moja.

Funzo langu ni hili: shimo baya la mtu lipunguze kwa kadiri ya sheria, usilifute. Nilidhani namsitiri, kumbe namnyang'anya. Na nilipojua, nikanyamaza kwa faida yangu. La kwanza lilikuwa ujinga. La pili halina jina zuri.

Raya yupo hai, alhamdulillah. Ile kadi ya nane, kwa mwandiko wangu, ameitia kioo, na wajukuu huambiwa Mzee Hamadi alikuwa hodari wa gofu Pemba nzima.

Nimeamua kumwambia leo baada ya sala ya alasiri. Waliowahi kuungama kwa wake zao jambo la zamani, nipeni maarifa mapema.

Ile fimbo aliirithi Raya, ipo nyuma ya mlango wetu.