Nilimwita mwenzangu mwizi wa wimbo, nikamleta mama yangu awe shahidi

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Naandika nikiwa na akili zangu timamu, sijanywa kitu, na nitakachosema ni kweli tupu. Ningekaa kimya, ila kuna mpiga dram mmoja anatishia kwamba nisipoandika mimi ataandika yeye, na huyo kwa kuongeza chumvi hajambo.

Mimi ni mpiga besi kwenye bendi ya rock.

Ndiyo, rock. Ndiyo, Bagamoyo. Mkimaliza kucheka tuendelee.

Tuko watatu. Mimi ni mtoto wa mkulima wa mananasi wa Kiwangwa. Deo anapiga gitaa na kuimba. Wazazi wake ni walimu waliohamia Kerege kutoka Kilimanjaro, amekulia kwaya, ila ukimwona jukwaani utaapa hajawahi kuona mlango wa kanisa.

Wa tatu ni Imtiaz, mpiga dram. Kwao wana duka la vifaa vya ujenzi mjini, na sisi tunafanyia mazoezi kwenye stoo yao, katikati ya simenti na ndoo za rangi. Nimevuta vumbi la simenti kuliko mafundi wengi, na sijawahi kujenga hata banda la kuku.

Mashabiki wetu tunawajua wote kwa majina.

Basi bwana. Jumamosi moja mchana nilikuwa natune besi huku nikijiimbia kisauti fulani kwa pua, bila maneno. Kisauti hicho nimekuwa nacho kichwani tangu utotoni. Kinakuja chenyewe nikiosha vyombo, nikiwa kwenye baiskeli, popote.

Deo akasema, "Hebu rudia hiyo."

Nikarudia. Akaidaka kwenye gitaa, akafungulia mkwaruzo wote wa spika, Imtiaz naye akaingia, mpaka ndoo za rangi zikaanza kutetemeka. Wakuu, vinyweleo vilinisimama. Miaka mitatu tunapiga kelele, siku ile ndiyo tulipiga muziki.

Deo akaweka maneno, kuhusu msichana aliyemwacha. Hana mada nyingine. Tukauita Kizingiti.

Wiki mbili baadaye tukaupiga kwenye sherehe moja ya wanafunzi. Watu waliimba kiitikio ambacho walikuwa hawajawahi kukisikia. Hata dereva bodaboda aliyekuwa anamsubiri abiria wake alivua helmeti.

Kesho yake Deo akapost video. Chini yake akaandika: Mtunzi, Deo.

Nikasoma mara ya kwanza, nikadhani simu ina tatizo. Nikasoma tena. Simu ilikuwa nzima kabisa.

Hapo ndipo mimi, mtu mzima mwenye ndevu, nikaamua kuwa mwanasheria.

Nilimaliza wiki nzima naangalia video za kesi za wanamuziki wa rock huko Ulaya na Marekani. Wazee wenye mvi wanapelekana mahakamani kwa ajili ya noti nne. Mtu amepiga na mwenzake miaka thelathini, wamelala basi moja, leo wanaongea kupitia mawakili. Badala ya kuona huruma, nikaona mwongozo.

Nikaanza kumwaga hoja kwenye grupu letu la WhatsApp. Kwamba melodi ndiyo wimbo, riff, yaani yale mapigo ya gitaa yanayojirudia, ni nguo tu. Nikatuma voice note ya zamani ambayo nasikika najiimbia kile kisauti huku nikikaanga mayai. Nikapiga na screenshot, ushahidi usipotee. Nikamwita mwizi kwa herufi kubwa.

Deo akajibu: "Wewe ulikuwa unajiimbia puani tu. Ukikohoa mimi nikakipigia gitaa, kikohozi kinakuwa wimbo wako?"

Hoja haikuwa mbaya. Iliniuma zaidi kwa sababu hiyo.

Imtiaz akaandika: "Na dram je? Mimi sitajwi?"

Hakuna aliyemjibu. Ndivyo wapiga dram wanavyoishi.

Sasa kukatokea jambo lililotia petroli. Waandaaji wa tamasha moja hapa mjini waliiona ile video, wakatuita. Nafasi tuliyoililia tangu tuanze. Wakatuma fomu, na kwenye fomu kuna mstari mmoja: jina la mtunzi. Irudi Jumatatu.

Mtanielewa nikisema sikuwa nagombania umaarufu. Kwetu sikuwahi kuonekana nafanya kitu cha maana na hilo gitaa la besi. Nilitaka karatasi moja tu duniani yenye jina langu mbele ya kitu nilichokitengeneza, nimwonyeshe mama yangu. Basi.

Imtiaz akatufungia stoo. Akasema Jumapili mchana kila mtu alete ushahidi wake, tuamue, au bendi ife na yeye arudi kuuza misumari.

Wakuu, hapa ndipo akili yangu ilipong'aa kuliko siku zote. Nikawaza: nani duniani anaweza kuthibitisha kwamba nimekuwa na kile kisauti tangu utotoni?

Nikampigia mama.

"Mama, unakumbuka nilivyokuwa mdogo nilikuwa na kawimbo nakaimba kila siku?"

"Ulikuwa na kelele nyingi, mwanangu. Kawimbo gani?"

"Ukija utakasikia. Nataka uje useme mbele ya wenzangu kwamba nilikuwa nako tangu zamani."

Ningeimba palepale kwenye simu, huu uzi usingekuwepo. Lakini nilitaka iwe na uzito wa mahakama.

Jumapili stoo ikafunguliwa, mama akashuka na mananasi manne, zawadi kwa vijana. Deo akamwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia marahaba, akamuuliza wazazi wake hawajambo. Imtiaz akamfutia ndoo ya rangi akakaa. Nami nimesimama pembeni nimekunja mikono, nikijiona nimeshashinda.

Deo akapiga ile riff. Taratibu, bila mkwaruzo, melodi ikasikika wazi.

Mama alikuwa anatabasamu. Tabasamu likaondoka. Akavuta upande wa khanga akafunika mdomo.

"Zima," akasema.

Deo akaacha.

"Nani kakufundisha huo?" Ananiuliza mimi.

"Nimeutunga mwenyewe mama. Ndiyo maana nikakuita. Nilikuwa nao tangu mdogo, si ndiyo?"

"Ulikuwa mgongoni kwangu," akasema. "Nilidhani umelala."

Kwa msiojua mila za huku kwetu: binti akivunja ungo huwekwa ndani. Wanawake wanamfunda, na siku ya kumtoa mwali ngoma zinapigwa. Kuna nyimbo za nje, hizo kila mtu anacheza. Na kuna nyimbo za ndani, ambazo mwanamume haimbi, hapigi, na hatakiwi hata kuzisikia.

Mama hakuwa na wa kumwachia mtoto, akaingia nami kwenye ngoma ya binti wa jirani. Mimi nikaibeba melodi nzima kichwani kwa miaka zaidi ya ishirini, nikaiita kipaji.

Deo akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea simenti.

Mama akamgeukia. "Na nyie mmeupiga wapi?"

"Kwenye sherehe, mama."

"Wanaume walikuwepo?"

"Walikuwepo." Kicheko kimeisha. "Na upo mtandaoni."

"Huko mtandaoni," mama akauliza, "wanaume wapo?"

Imtiaz akaanza kumenya nanasi.

Mama akasema wimbo ule una mwenyewe, na mwenyewe yu hai. Ni Bi Tatu wa Fukayosi, somo yake, yaani mwanamke aliyemfunda yeye alipokuwa mwali. Jumatatu asubuhi, siku ya fomu, tulikuwa njiani kwenda Fukayosi: mama, mimi na Deo. Imtiaz akasema ana wateja. Sasa hakutaka tena kutajwa.

Bi Tatu tulimkuta anapanga mihogo juani. Tukamwamkia. Mama akapiga magoti akamweleza yote bila kupunguza kitu. Bibi akanyoosha mkono apewe simu, akaiweka sikioni, akasikiliza Kizingiti mwanzo mpaka mwisho, pamoja na solo ya Deo ambayo hata sisi huwa tunaona imezidi urefu.

Akarudisha simu.

"Hapa katikati mmekosea. Sauti haishuki, inapanda."

Wakuu, hapo katikati ndipo nilipokuwa najisifia kuliko pote. Niliandika kwenye grupu, kwa herufi kubwa, kwamba ile sauti kushuka ndiyo saini yangu.

Akaendelea, "Niliutunga siku ya kumtoa mama yako huyu. Alikuwa analia, hataki kutoka. Nikamtungia. Wengine wote wameimbiwa baada yake."

Mimi nikawa sina pa kuangalia. Wimbo ambao nilitaka kumwonyesha mama yangu una jina langu, ulitungwa kwa ajili yake.

"Na hapo mmeandika nani katunga?" Bibi akauliza.

"Deo," nikasema.

"Ndiye nani huyo?"

"Mimi, bibi," Deo akasema. "Shikamoo." Alikuwa ameshaamkia mara mbili.

Nikajitutumua. Nikasema tuko tayari kufuta majina yetu, tuandike jina lake yeye, dunia nzima ijue. Nilijiona muungwana kweli.

Bi Tatu akanitazama kama mtu anayetazama muhogo uliooza. "Uniandike ili nani ajue? Wanawake wote wa huku wanajua ni wangu. Hao wengine unaotaka wajue, hao ndio hawatakiwi kuusikia. Futa."

Deo akafuta palepale. Wimbo wetu pekee mzuri.

Nikadhani yameisha. Kumbe bado. Bibi hakutuadhibu sisi, sisi kwake ni watoto wa kiume, hatujui tulifanyalo. Akamgeukia mama.

"Nilikwambia mtoto mwenye masikio haingii ndani. Nilikwambia au sikukwambia?"

"Ulinambia, somo yangu."

"Utaleta doti mbili za khanga, na utaomba radhi mbele ya wenzio."

Mama yangu ana miaka hamsini na kitu. Ana wajukuu. Akawa anajibu "ndiyo somo" na kichwa ameinamisha kama binti wa shule, kwa kosa la zamani ambalo hakuna mtu angelijua maisha yake yote, kama mimi nisingetaka jina langu kwenye karatasi. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Njiani kurudi hakunigombeza. Ningefurahi angenigombeza.

Tamasha tulienda. Tukapiga wimbo mwingine, mbovu. Huo mbovu hakuna aliyejitokeza kuudai mpaka leo, kila mtu anasema ni wa mwenzake. Kwenye fomu tukamwandika Imtiaz.

Deo nilimwomba msamaha, kwenye grupu, kwa herufi kubwa zilezile. Akajibu: "Kwa hiyo mimi nilikuwa mwizi niliyemwibia mwizi?" Tuko sawa sasa. Anapiga gitaa, mimi besi, na ikinijia sauti yoyote puani ananiuliza kwanza nimeitoa wapi.

Nilichojifunza, wakuu: siku ukitaka kumwita mwenzako mwizi wa kazi yako, kaa chini kwanza ujiulize hiyo kazi ulikuja nayo kutoka wapi. Na ukishindwa kujibu, usimwite mama yako akusaidie.

Mwezi uliopita nilikwenda Kiwangwa kumsalimia. Nikapitia uani bila kubisha hodi. Alikuwa anafua, amenipa mgongo, anaimba ule wimbo kwa sauti ya chini. Katikati sauti ikapanda, kama alivyosema bibi. Ni kweli, ni nzuri zaidi hivyo.

Nikakanyaga kijiti. Akageuka, akaniona.

Akanyamaza.

Haya, uwanja ni wenu. Waliowahi kugombania nyimbo, mashairi, hata mapishi, semeni yaliyowakuta. Wa kunitukana nao wapange foleni, nimestahili. Ila atakayekuja kuniomba nimwekee hata kipande kidogo cha ule wimbo, jibu langu ni lile la mama pale uani.