Kiarabu cha Kuombea Ugali

Wazazi walipofariki niliacha shule nikawalea wadogo zangu watatu, pale Kikuyu, Dodoma. Miaka ile ya soko huria wakaja wageni wenye kaseti za mahubiri, wakamteka akili mdogo wangu wa kiume. Walimwambia Kiswahili ni uchafu, aseme Kiarabu tu, na Ijumaa aondoke nao akapigane.

Alhamisi mchana nilipakua ugali na mlenda.

"Haya, omba chakula kwa Kiarabu."

Akanguruma maneno yote waliyomfundisha, yale aliyotutishia wiki nzima: damu, moto, panga, makafiri.

"Hivyo vyote sina," nikamwambia. "Nina mlenda."

Wadogo zake wakagaagaa chini kwa kicheko. Jirani yetu, bibi mzaliwa wa Yemeni, akaja kuchungulia.

"Mjukuu wangu, hiyo ni lugha ya mama yangu. Hata neno la maji hawakukufundisha?"

"Hapana, bibi."

"Walimu gani hao!"

Akamkalisha, akamfundisha kusema maji, chumvi, njaa, dada. Mdogo wangu alicheka mpaka mlenda ukamtokea puani.

Ijumaa wageni walipopiga honi, alitoka akawauliza kwa Kiarabu kama wana njaa. Wakatazamana. Hakuna aliyeelewa. Mdogo wangu akarudi ndani akicheka, na gari likaondoka bila yeye.