Nywele za Mwalimu

Tarehe 9 Machi 1988, fundi bomba mmoja aliandika kwa msumari siku, mwezi na mwaka kwenye saruji mbichi chini ya sinki la bafuni, katika nyumba yenye mlango wa kijani. Maandishi yapo mpaka leo. Ukipiga magoti na kumulika tochi nyuma ya bomba, unayasoma bila shida.

Alikuwa na miaka ishirini na minne, na tayari mtaa mzima ulimwita Jicho. Wenzake walipima mteremko wa bomba kwa pimamaji, ile rula yenye kipovu ndani ya kichupa. Yeye alifumba jicho moja, akatazama, akapiga plasta. "Pimamaji ninayo usoni," alikuwa akisema, watu wakicheka na kazi zikija. Sasa ana miaka sitini, miwani mizito, na pimamaji aliyonunuliwa na bintiye. Huitoa mkobani mteja akigeuka.

Mwenye nyumba ni mwalimu mstaafu, mjane, anayeishi peke yake. Sinki lake lilianza kusuasua mwaka ule ule wa kwanza. Maji yalikaa, yakashuka kwa kujivuta, yakaacha duara la sabuni. Marehemu mume wake alimwita Jicho mara tatu, kwa miaka tofauti. Mara zote tatu Jicho alifungua kiwiko cha chini, pale bomba linapopinda, akachomoa kishungi cha nywele, akakiinua juu kama ushahidi.

"Mzee, tatizo hapa ni nywele za mama."

Nywele zilikuwepo, hilo ni kweli. Zimo karibu katika kila sinki. Lakini baada ya mara ya tatu mume aliweka sheria: hakuna kuosha nywele bafuni. Mwalimu na mabinti zake wawili wakahamia kwenye bomba la uani, wakiinama juu ya ndoo, asubuhi za baridi pia. Sheria ikazaa utani. Kila kilichokwama katika familia ile, iwe gari au barua ya kazi, watoto walisema ni nywele za mama. Mume alifariki miaka saba iliyopita, utani ukabaki. Binti mdogo ana bafu lake mwenyewe siku hizi, na bado huosha nywele nje.

Jumanne iliyopita mwalimu alimpigia Jicho simu. Alimpokea mlangoni, akavua kitambaa. Kichwa kilikuwa kimenyolewa, mvi zikianza kuchomoza.

"Mwaka wa nne huu nanyoa, fundi. Na humu ndani tunaishi mimi na redio. Sasa leo utasema nywele za nani?"

"Labda za redio, Mwalimu."

"Ingia. Na viatu uvifute."

Jicho aliweka ndoo, akafungua kiwiko. Kilikuwa safi. Akasukuma waya wa kuzibulia ndani ya bomba la ukutani. Waya ulirudi na tope la kijivu la sabuni, na nyuma ya tope yakaja maji, mengi, yakitiririka kuelekea kwake. Maji hayo yalipaswa kuwa yameshatoka nje ya nyumba zamani.

Aliomba ruhusa ya kubandua plasta. Kwa nyundo na tindo akafunua bomba urefu wa mkono, akalaza pimamaji juu yake, safari hii bila kujificha. Kipovu kikakimbilia upande wa nje. Maana yake huko ndiko juu. Bomba la maji machafu lilikuwa limelazwa likipanda. Aliposogeza tochi, ikaangukia tarehe.

Anakiri kwamba uongo alikuwa nao tayari mdomoni. Nyumba imetitia, Mwalimu, hizi nyumba za zamani ndivyo zilivyo. Nani angebisha? Mbele yake palikuwa na kidirisha kinachotazama uani. Aliliona lile bomba la kuoshea nywele, na juu ya ukuta kando yake kopo la shampuu lililofifia rangi, la mtu ambaye hana nywele tena na hajalirudisha ndani.

Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai aliyomletea.

"Mwalimu, hili bomba nilililaza vibaya mimi. Linapanda badala ya kushuka. Siku ile sikupima."

"Umejua lini?"

"Leo." Akafuta mikono kwenye suruali. "Hapana. Ile mara ya tatu nilihisi. Mzee alikuwa amesimama hapo hapo uliposimama, nikaona kusema nywele ni rahisi zaidi."

Mwalimu aliweka kikombe ukingoni mwa sinki. Aliinama polepole, mkono mmoja ukutani, akasoma ile tarehe.

"Mwandiko ulikuwa mzuri," alisema. "Hesabu ndiyo iliyokushinda."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Mimi nimekusikia. Wanangu hawajakusikia. Wanakuja Jumamosi wote watatu, mabinti na kaka yao. Utawaambia hivi hivi ulivyoniambia, usipunguze neno."

"Mbele ya wote?"

"Kwani uliposema nywele ulinong'ona?"

Jicho alirudisha kiwiko mahali pake, akazoa vipande vya plasta kwa mikono, akaviweka kwenye ndoo. Chai aliinywa imepoa, amesimama, kwa sababu hakukaribishwa kukaa. Alipofika barabarani aligundua pimamaji ameisahau bafuni, juu ya bomba. Hakurudi kuichukua.

Jumamosi saa nne asubuhi atafika na bomba jipya, tindo na saruji. Kabla ya kuingia bafuni, ataanzia sebuleni.