Kundi la Nane

Usiku ule nililala na daftari la Babu ndani ya shati, limenikaa tumboni kama muhogo wa mwizi. Shangazi Tatu alikuwa ametangaza tukiwa tunakula kwamba asubuhi atalitumia kuwashia jiko.

"Likibaki humu ndani," alisema, "iko siku mtu atazifuata hesabu zake, na zitamtoa roho."

Nikamwambia, "Shangazi, mbona langu la hesabu hulichomi, na lenyewe limeshaniua mara tatu muhula huu?"

Hakucheka. Tangu Babu afe, humu ndani mimi ndiye mpiga ngoma na mimi ndiye mchezaji.

Babu Nassoro alikuwa fundi bunduki wa kitalu cha uwindaji kinachopakana na kijiji chetu, na Shangazi, binti yake, alikuwa fundi wa pili. Bunduki za askari wa kitalu zilikuwa za kujikoki zenyewe, ila risasi zake zilimtekenya nyati tu, na nyati ukimtekenya anarudi kukuuliza unacheka nini. Babu akaombewa kibali. Akachukua maganda makubwa ya risasi za aina nyingine, akayabana shingo, akatunga risasi ambayo hakuna kiwanda kilichowahi kuitoa. Akaiita Mwanahawa, jina la marehemu Bibi, kwa sababu eti wote wawili walikuwa wafupi na hawakutaka masihara.

Kazi yenyewe ilikuwa kuipima presha. "Bunduki hii haina uvumilivu," alikuwa akisema. "Moshi unaosukuma risasi mbele ndio huohuo unaofungua mlango wa nyuma. Presha ikizidi, mlango unafunguka ganda likiwa bado limevimba. Hapo chuma kinapasuka." Kwa hiyo alipanda ngazi polepole. Alitengeneza makundi manane ya risasi, kila moja likiongezwa baruti kidogo, la kwanza pole kabisa, la nane ukingoni, ila kwa hesabu zake chuma kilipaswa kuhimili. La nane lilikuwa la kupigwa mara moja tu, kwa kamba ndefu, yeye akiwa nyuma ya matairi, ili aone ukingo uko wapi. Kisha arudi la saba, akae hapo milele. Na kwa kuwa baruti ikipata joto presha inapanda, sanduku lilikaa chini ya meza, kando ya mtungi wa maji.

Makundi saba yalipita salama. La nane likapasua bunduki mbele ya meneja wa kitalu. Hakuumia mtu. Meneja alikiokota kipande cha chuma, akakitazama, akasema kwa upole kabisa, "Mzee, umri umekwenda. Naomba funguo za karakana."

Babu alikaa miezi minane barazani akijumlisha upya. Kila siku. Mimi nilikuwa namchongea penseli. Hakulipata kosa, na akafa akiwa ukurasa wa kumi na saba. Baada ya hapo meneja akamrudishia Shangazi funguo kwa sharti moja: hesabu za mzee zisionekane tena karakanani.

Basi nikalala.

Nilijikuta darasani kwetu, kidato cha tatu, mchana kweupe, madawati yote matupu isipokuwa la mbele. Babu amekaa. Nilishukuru kwamba alivaa ovaroli yake ya kijivu, maana angekuja na sanda ningejikojolea, na godoro lile tunalala wawili. Ana daftari mkononi. Najipapasa tumboni, halipo.

Ananyoosha kalamu nyekundu.

"Sahihisha."

"Babu, mimi? Mimi nilipata kumi na moja kwa mia! Mwalimu alisema hata hiyo moja nimeonewa huruma."

Hacheki. Alipokuwa hai pia hakuwahi kucheka. Nilishajaribu kila kitu, mpaka kutembea kama meneja.

"Nimetafuta miezi minane," anasema. "Na huku ninatafuta. Nionyeshe kosa."

Huku. Ninalisikia neno hilo likinipita mgongoni kama maji. Kumbe hata huko hakupumzika.

Ninaanza kusahihisha. Ajabu, hesabu zake ninazielewa. Uzito wa baruti, tiki. Nafasi ndani ya ganda, tiki. Alama za presha alizoziona kwenye vitako vya maganda, kundi kwa kundi, tiki. Kalamu inakwenda yenyewe na kila tiki inanichoma, kwa sababu ninajua mwisho wa daftari hakuna kosa. Nilijua tangu siku bunduki ilipopasuka.

Nikiinua macho, ubao umekuwa bati na darasa limekuwa karakana. Kunanuka mafuta ya bunduki. Saa nne asubuhi, siku ileile, jua linachemka, na mimi niko uani peke yangu mbele ya pikapu ya kazini.

Ninajiona nikichukua risasi za kundi la nane kutoka chini ya meza. Ninazipanga juu ya boneti, moja moja, zinang'aa kama meno ya dhahabu. Juu yake ninaweka vifuniko viwili vya magurudumu, macho. Uso mkubwa unaocheka. Nilitaka nimwite Babu aje aone. Safari hii, nilijiambia, lazima acheke.

Nikachelewa kumwita, maana nilikuwa natafuta kitu cha kufanya pua. Zikakaa juani, juu ya chuma cha moto, mpaka gari la meneja lilipopiga honi getini. Nikazikusanya mbio, nikazirudisha sandukuni. Ziliniunguza vidole. Nikapuliza vidole nikicheka.

Meneja alitaka aone palepale, mchana. Babu akajibu, "Sawa, zimekaa kivulini."

Katika ndoto anatoka karakanani akiwa na risasi moja. Ananikamata mkono, anaiweka kiganjani mwangu, anavifunga vidole vyangu juu yake.

"Mbona ya moto?" anauliza.

Nataka kujibu. Ninatafuta utani, wowote, hata ule wa kumi na moja kwa mia. Nikifungua mdomo, meno yangu yote ni risasi za shaba, yanadondoka moja moja chini, yanalia kwenye saruji. Yeye ameinama anayaokota, anayahesabu. Moja. Mbili. Anayapanga tena sandukuni, kando ya mtungi, kwa adabu ileile.

"Babu, acha," ninasema. Sauti inatoka bila meno. "Kosa halimo humo. Niliziweka juani. Nilitaka ucheke."

Bunduki inapasuka nyuma yake bila kelele, vipande vinaanguka taratibu, wala hageuki.

"Nilikufa nikidhani akili imeniacha," anasema.

Namsogelea. Anarudi nyuma hatua ileile moja. Nikisogea tena, anarudi tena. Anatoa penseli mfukoni, anaitazama ncha yake.

"Na ulikuwa ukichonga vizuri."

Hapo ningependa anizabe kofi.

Anaweka penseli juu ya boneti. "Kaandike," anasema. "Kwa mkono wako. Tatu asome." Kisha anakaa kwenye dawati, kwa kuwa tumesharudi darasani, anafunga daftari, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile mikono yake haijumlishi kitu.

Nikaamka. Daftari limenichora mstari tumboni. Uani nikasikia Shangazi akivunja vijiti.

Nikatoka. Alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko, kiberiti mkononi, anatazama huku na huku.

"We Kasimu, umeliona lile daftari?"

Nikalitoa shatini. Nikamweleza yote, boneti, macho, meno, vidole. Nilisema bila kunyanyua uso. Njiti aliyokuwa amewasha ikaungua mpaka vidoleni, akaitupa.

"Miezi minane," alisema. "Miezi minane baba yangu ananiuliza, Tatu, nimezeeka? Namjibu, ndiyo baba, pumzika. Mimi ndiye niliyemjibu hivyo. Na wewe umekaa pale."

"Ndiyo, Shangazi."

"Unamchongea penseli."

"Ndiyo."

Nikangoja kofi. Halikuja. Akainuka, akaenda ndani, akarudi na penseli ya Babu, ile ya mwisho. Akafungua daftari ukurasa wa kundi la nane, akaliweka juu ya kinu kilicholazwa.

"Andika. Kisha unavaa, tunakwenda kwa meneja, unamsomea wewe."

Penseli ilikuwa butu. Nikanyoosha mkono kuchukua wembe dirishani, kwa mazoea tu.

"Acha," akasema Shangazi. "Hapa usimchongee mtu."

Nikaandika kwa penseli ileile butu, herufi nene kama za mtoto wa chekechea: *Kundi la nane lilikaa juani. Risasi niliziweka mimi, Kasimu. Hesabu za Babu ni sahihi zote.*