Uso Aliokuwa Akiufuta Papa

Nikinusa tapentaini, yale mafuta ya kuyeyushia rangi, hata leo nafungua dirisha. Harufu hiyo ndiyo iliyojaa katika nyumba yetu ya kupanga kule Bloomington majira ya baridi nilipokuwa na miaka minane, madirisha yamefungwa kwa sababu ya theluji, Papa akichora sebuleni.

Huko Kongo alikuwa mwalimu katika chuo cha sanaa. Hapa Marekani alitandika vitanda kwenye hoteli ya karibu na uwanja wa ndege. Lakini akishika brashi alirudi kuwa profesa, mkali, mtu wa vipimo. "Neema, kati ya jicho na jicho lazima litoshee jicho la tatu," aliniambia, utadhani nami nilikuwa mwanafunzi wake.

Picha yenyewe ilikuwa ndoto tupu. Mwanamke mwenye kitenge cha buluu amepanda farasi mweupe mwenye mabawa, anaruka juu ya ziwa. Ng'ambo, mwanamume amesimama majini mpaka magotini, amemnyooshea mikono. Mwanamke huyo alikuwa Mama, na mwanamume Papa mwenyewe. Mama alibaki kwenye kambi ya wakimbizi, karatasi zake zilikwama, sisi tukatangulia. Picha zake za kamera ziliungua pamoja na nyumba yetu ya Uvira, kule Kongo, na kwa simu tulisikia sauti tu. Sasa alikuwa anakuja, nami sikuikumbuka sura yake.

Mabawa yalikamilika, ziwa likakamilika. Uso, hapana. Papa aliuchora Jumapili baada ya kanisa, akarudi nyuma, akautazama, akaufuta kwa kitambaa. Jumapili iliyofuata, vilevile. Jirani yetu Mama Riziki alikuwa na msemo wake: asiyekuwepo machoni, na moyoni hayupo. Mimi nikajumlisha mwenyewe. Papa hamtaki tena Mama.

Siku moja nilimuuliza, kwa Kiingereza kama kawaida yangu, kwa nini anaharibu.

"Si yeye," alijibu, akaendelea kufuta.

Siku ya kumpokea Mama uwanja wa ndege nilishika koti la Papa kwa mikono miwili. Watu walitoka, wakakumbatiana, wakaenda zao. Kisha mwanamke mfupi, mwembamba, koti limemzidi, akasimama mbele yetu. Papa hakusogea. Alimkodolea macho tu. Nikaanza kulia.

"Papa Neema," yule mwanamke akasema, "unaniangalia kama mgeni?"

Papa akanyoosha mkono, akamgusa shavu, paji, kidevu, polepole kama kipofu. "Ni wewe," akasema. "Mungu wangu, ni wewe."

Wiki hiyohiyo alimaliza ule uso, Mama ameketi kwenye kochi akitafuna karanga na kulalamika kwamba pua imekuwa kubwa mno.

Nilikuwa mtu mzima Papa aliponieleza. "Sauti niliikumbuka," alisema. "Mikono niliikumbuka. Mimi niliyefundisha watu kuchora nyuso, uso wake ulinitoka."

Majira yale yote nilidhani naishi na mtu aliyeacha kupenda. Kumbe tulikuwa wawili mle ndani, kila mmoja akiogopa peke yake kwamba Mama atafika, nasi tutampita bila kumjua.