Marudio ya Mawe Meusi

Siku yangu ya kwanza kwenye machimbo ya Galula, Mama Mwalo, mwenye mwalo wetu, alinikabidhi karai la kuoshea dhahabu, akanitazama nikilizungusha mpaka nikalowa kifuani.

"Binti wa Mbozi, hapa hatupepeti maharage! Tikisa polepole. Kilicho kizito kiache kilale."

Mwalo, ninyi mnaoanza leo, ni mahali pa kuoshea mawe yaliyosagwa. Tope linamwagwa juu ya ubao wenye mteremko uliotandikwa magunia. Maji yanaondoka na mchanga. Dhahabu, kwa uzito wake, inajificha kwenye nyuzi. Tope lililokwisha kuoshwa tunaliita marudio. Desturi yetu ilikuwa hivi: dhahabu ya mwenye mawe, marudio ya mwenye mwalo.

Mwenye Mawe wetu alituletea mawe mekundu ya juu ya shimo lake, tukaosha tukiimba. Alipochimba chini zaidi yakatoka meusi, yenye chembe za kumetameta tulizoziita vimulimuli. Tukaosha, karai likabaki na ukungu tu wa dhahabu. Akaanza kukaa kando ya ubao akiikodolea macho mikono yetu.

"Baba, macho yatakudondokea kwenye karai," nikamtania.

"Yakidondoka utayaiba!"

"Hayo mepesi, yatakwenda na maji."

Wenzangu walicheka. Yeye hakucheka. Alimwambia Mama Mwalo atamshtaki kwa viongozi wa machimbo, afungiwe mwalo kwa wizi. Hapo na sisi tungerudi mashambani.

"Chukua marudio kwa mkono wako," Mama Mwalo akamjibu, "twende wote kwa mpimaji."

Tukaenda Mlowo. Mpimaji wa sampuli alipomaliza kupima alisema dhahabu ipo, tena nzuri, ila ni laini kuliko unga, na nyingine imefungwa ndani ya vimulimuli. Maji hupima uzito wa punje nzima. Hayajui kilichomo ndani. "Karai limefika mwisho wake. Hii inataka kusagwa tena, kisha tangi la dawa inayoyeyusha dhahabu."

Mwenye Mawe akaruka. "Kumbe imo kwenye marudio! Na marudio ni yako!"

Nikamtazama Mama Mwalo. Desturi ilikuwa upande wake, na angeweza kunyamaza tu.

"Ni yangu," akasema. "Lakini desturi hiyo tuliiweka kwa mawe mekundu. Haya tugawane nusu kwa nusu."

Mzee yule alikosa pa kuweka mikono. "Dada, nisamehe."

"Kwanza ukapakie magunia ya marudio kwenye gari la kwenda kwenye matangi. Msamaha nitaufikiria njiani."

Tuliporudi Galula akapakia yote, akitweta, nasi tukimhesabia kwa vigelegele.

Baadaye nilihamia kwenye matangi, chini ya Fundi Mkuu mmoja mkali, mpenda chai. Sasa nimestaafu, niko kwenye mji wa Mpemba, na magoti yangu yanalalamika kila asubuhi. Vijana huniuliza kama karai limepitwa na wakati. Hapana. Liulizeni uzito, litawajibu vizuri. Mengine hayamo katika uwezo wake. Nami najivunia hili: tangu safari ile ya Mlowo, pale Galula sikusikia tena mwoshaji akiitwa mwizi kabla marudio hayajapimwa.